Uniti za Mlima

Watu wa Tanga hawautazami mlima.
Uko pale magharibi, nyuma ya vumbi la Pongwe,
samawati iliyopauka, kama kanga iliyofuliwa mara mia,
na mbingu ikitakata alfajiri husogea karibu,
hata ukadhani ukikaza pedali
adhuhuri itakukuta Mlinga.
Lakini nani ana haja? Mji wetu umelala chali,
unaendeshwa kwa baisikeli, mkono mmoja,
mkono wa pili umeshika mkate, au mtoto,
au unasaidia maneno.

Mie nautazama kwa kuinama.
Msoma mita ni mtu wa kuinama:
nafunua kifuniko, namfukuza mjusi,
napangusa kioo kwa kidole gumba, nasoma.
Barabara ya Saba, kwa Bi Mwanatumu, uniti kumi na moja.
Ya Tisa, kwa fundi Semhando, mita imezikwa
chini ya spoki na minyororo, kila mwezi tunaifukua,
kila mwezi anaapa hakujua.
Namba hizi zote ni mlima.
Umechuruzika Amani, kwenye kuvu na mizizi,
ukaitwa Zigi, ukazuiwa Mabayani,
ukatiwa dawa, ukasukumwa gizani,
ukaingia Ngamiani bila kupiga hodi,
na sasa unachemka kwa Bi Mwanatumu
pamoja na iliki.

Mama yangu alilijua hilo kabla yangu.
Msambaa, alishuka na ndoa ana miaka kumi na tisa,
akazaa watoto wanaotukanana Kidigo.
Bomba likitoa maji ya rangi ya chai ya maziwa
majirani huilaani mamlaka, kisha hunigeukia mie;
yeye hukinga kiganja, akanusa:
"Kwetu kumenyesha. Upande wa kina Shekalaghe."
Na bili ikifika:
"Nilipie maji ya kwetu?
Tena naletewa na niliyemzaa?"

Mwezi wa nane nikaomba likizo, nikampandisha.
Basi lilianza kuhema tulipoipa Muheza kisogo,
machungwa yakabaki chini, masikio yakaziba,
na Mama dirishani akinitajia miti
kwa majina ambayo Kiswahili hakikuwahi kuyafuata huko.

Zaituni, binti wa kaka yake, akatupokea mizigo,
"Onga mshi, onga mshi," akatukalisha,
akachukua ndoo, akateremka bondeni.
Mama alimtazama akimezwa na migomba.
Akangoja. Akangoja tena.
Zaituni akapanda, pumzi ikimtangulia,
jani la mgomba likielea ndooni, maji yasimwagike.
"Bomba liko wapi?" Mama akauliza.
Zaituni akacheka, bila ubaya wowote:
"Bomba si liko kwenu, shangazi."

Usiku, chini ya mablanketi mawili,
"Nirudishe kesho."
Nikasema zimebaki siku tano.
"Miguu yaniuma," akasema,
na wala haikuwa miguu.

Tanga ikatupokea kwa mzaha wake.
Semhando, mikono imejaa grisi:
"Waja leo waondoka leo, hiyo ni desturi ya wageni.
Nyie wenyeji mmeigia nini?"
Mama hakumjibu. Akapita hadi uani,
akafungua bomba mpaka mwisho,
yakamwagika miguuni, kwenye saruji,
yakaufikia mlimao, yakauzunguka,
na mita ikakimbia kama baisikeli iliyoachiwa mteremko,
mteremko ambao mji huu hauna.

Kalamu ilikuwa mfukoni. Sikuigusa.
Nilisimama wima, nikatazama magharibi
juu ya mabati yaliyoliwa na chumvi:
mawingu matupu, mazito.
"Jaza ndoo," Mama akasema.
"Kesho yatakuja na rangi."